Mtu Asiye na Mapigo

Wanangu, kila mmoja ashike kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, abonyeze taratibu kwa vidole viwili. Mnasikia kinachodundadunda? Ndiyo mapigo hayo. Muuguzi akitaka kujua hali ya mgonjwa, mara nyingi huanzia hapo. Sasa kaeni vizuri niwasimulie habari za Peter Houghton, Mwingereza wa mji wa Birmingham. Kwa miaka saba na kitu alitembea, alikula, alibishana na watu, alipanda milima, na ungemshika mkono namna hiyo usingepata kitu, au ungepata mtikisiko mdogo mno wa kubahatisha. Hakuwa mzimu. Alikuwa na injini kifuani.

Houghton alikuwa mshauri nasaha. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kukaa na watu wanaokaribia kufa, awasikilize, wasiondoke duniani na donge moyoni. Kwa hiyo mauti hakuyajua kwa kusimuliwa. Kisha zamu ikamfikia mwenyewe. Misuli ya moyo wake ilidhoofika, moyo ukatanuka, na kufikia mwaka 2000, akiwa na miaka 61, hatua chache tu zilimmaliza pumzi. Akilala chali alihisi anazama. Madaktari walikuwa wakimhesabia wiki.

Ugonjwa huo huitwa moyo kushindwa kufanya kazi, na ngoja niwaeleze unavyokuwa kabla hatujaendelea, maana watu wengi hudhani moyo umesimama. Moyo uliosimama ni mauti ya dakika chache. Moyo ulioshindwa unaendelea kupiga, tena wakati mwingine unapiga mbio, ila kila pigo linatoa damu kidogo.

Fanyeni hesabu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Zidisheni kwa dakika 1,440 za siku nzima: lita 7,200. Kwa ndoo za lita 20, hizo ni ndoo 360, siku nenda siku rudi, bila likizo, bila Krismasi wala Idi. Na kazi kubwa kuliko zote inaangukia chumba kimoja, kile cha chini upande wa kushoto, kinachoisukuma damu kwenda mwili mzima. Chumba hicho kikichoka, damu inayotoka kwenye mapafu haipati wa kuipokea. Inarundikana, maji yanajipenyeza ndani ya mapafu, na mgonjwa anakohoa na kuhema usiku. Miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Figo nazo, zikiona damu imepungua, zinadhani mwili umekaukiwa, zinazidi kushikilia maji. Hapo ndipo ugonjwa unapojilisha wenyewe.

Zipo dawa nzuri, na wengi huishi nazo miaka. Zikishindwa, kuna kupandikizwa moyo wa mtu aliyefariki. Lakini mioyo ya kutolewa ni michache kuliko wanaoihitaji, na si kila mwili unakubaliwa kwenye foleni hiyo. Houghton hakukubaliwa.

Ilibaki mashine. Na mashine za wakati ule zilikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1982, huko Utah, Marekani, daktari wa meno aliyeitwa Barney Clark aliondolewa moyo wake akawekewa wa bandia, uliobuniwa na Robert Jarvik. Aliishi siku 112. Zote alizipitisha akiwa ameunganishwa kwa mirija ya hewa na mtambo mzito uliokuwa ukinguruma kando yake. Dunia nzima ilimtazama kwenye televisheni, na wengi walijiuliza kama kule ndiko kuishi. Mimi naona lilikuwa swali la haki, ingawa mwenyewe alikwenda kwa ridhaa yake, akisema anataka madaktari wajifunze kitu.

Kosa la mashine zile lilikuwa kwenye wazo lake. Wahandisi walitaka kuiga moyo: ukijaza, kamua, ukijaza, kamua. Ili uige hivyo unahitaji mifuko inayotanuka na kusinyaa, vali za kufunguka na kufunga, na kila kinachojikunja mara 100,000 kwa siku hatimaye huchanika. Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna profesa angekwenda kulitafuta.

Mwaka 1976 daktari Mmarekani, Richard Wampler, alikuwa akijitolea kutibu wagonjwa huko El-Bayad, Misri. Pale aliwaona wanakijiji wakipandisha maji kwa kifaa cha kale: bomba lililolazwa mshazari, ndani yake parafujo ndefu. Ukizungusha mpini, maji yanapanda kwa kufuata mzunguko wa parafujo mpaka yanamwagika juu. Kifaa hicho hupewa jina la Archimedes, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ila wakulima wa bonde la Nile hawakuwa na haja ya kujua cheti cha kuzaliwa cha parafujo. Walitaka maji tu. Wampler, ambaye alikuwa amesoma uhandisi pia, alijiuliza: kama maji yanapanda hivi bila kukamuliwa, kwa nini damu isipande?

Aliporudi kwao alikutana na vizingiti viwili. Cha kwanza, wenzake walisema parafujo inayozunguka kwa kasi itazisaga chembe nyekundu za damu. Cha pili kilikuwa kikubwa zaidi: damu itapita mfululizo, bila kudunda, na tangu binadamu aumbwe hajapata kuishi bila mapigo. Wampler hakuyumba. Alitengeneza pampu nyembamba kiasi cha kupitishwa ndani ya mshipa wa paja mpaka moyoni, ikizunguka mara 25,000 hivi kwa dakika. Mwaka 1988, mjini Houston, ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza kwa siku chache. Moyo wake ukapumzika, ukapata nguvu, pampu ikatolewa. Chembe hazikusagika kama ilivyohofiwa. Na mwili, kumbe, ulivumilia kukosa mapigo.

Baada ya hapo njia ilifunguka. Robert Jarvik yule yule, ambaye moyo wake wa kwanza ulikuwa umefungwa kwenye mtambo, sasa alikuja na kitu cha titani chenye urefu wa sentimita 5 na nusu na uzito usiofika gramu 100, karibu sawa na betri nene ya tochi. Ndani yake kuna kijembe kimoja kinachozunguka, basi. Hakiondoi moyo wako. Kinatumbukizwa ndani ya kile chumba cha kushoto kilichochoka, kinachota damu humo na kuimiminia kwenye mshipa mkuu. Moyo unabaki mahali pake ukijipigia kidogo kidogo, mzigo mkubwa ukiwa umebebwa na mwingine.

Tarehe 20 Juni 2000, katika hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, daktari wa upasuaji Stephen Westaby na wenzake walimwekea Houghton kifaa hicho. Alikuwa mtu wa kwanza kuwekewa aina hiyo ya pampu kwa nia ya kuishi nayo moja kwa moja, si kwa kusubiria moyo wa kupandikizwa.

Mtaniuliza: umeme unaingiaje? Hapa ndipo penye ujanja unaonifurahisha zaidi. Pampu nyingi hupitisha waya tumboni, na mahali waya unapotokea ngozi haifungi sawasawa. Mtu akijipinda, waya unavuta, kidonda kinajichubua, vijidudu vinaingia. Wagonjwa wengi wameteswa na usaha wa hapo. Sasa wale waganga wa Oxford walikopa maarifa ya wanaotibu viziwi. Waliupitisha waya chini ya ngozi, kifuani, shingoni, mpaka nyuma ya sikio, na hapo wakapigilia soketi ndogo ya titani kwenye fuvu kwa skrubu. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi, hupona upesi, na fuvu halijipindi. Kwa hiyo Houghton, akitaka kuendesha moyo wake, alichomeka plagi nyuma ya sikio. Wajukuu wa watu wengine wana babu wenye mvi na bakora. Huyu alikuwa babu wa kuchomeka.

Kisha likaja lile ambalo magazeti hayakupenda kuliandika sana, yaani siku za kawaida.

Betri ilikaa kiunoni au kwenye mkoba, na betri haidumu milele. Baada ya saa kadhaa lazima ibadilishwe. Kwa hiyo hakuna kutoka nyumbani bila betri ya akiba, hata kama unakwenda dukani kununua mkate. Kidhibiti kilikuwa na kirungu cha kuchagua kasi, kutoka mizunguko 8,000 hadi 12,000 kwa dakika, na mgonjwa mwenyewe angeweza kuongeza anapotaka kutembea na kupunguza anapopumzika. Ukisahau, kengele inalia. Waya ukilegea, inalia. Usiku unajiunganisha na umeme mkubwa, na mtu anayejigeuzageuza kitandani hujifunza upya kulala. Kijembe kikisimama, si kwamba msaada umekatika tu: damu inaweza kurudi nyuma kwa kupitia pampu ile ile. Wasomaji wangu wa mitaa ambayo taa huzimika bila kupiga hodi wameshaona kwa nini kifaa hiki si cha kuweka tu na kusema kwaheri. Nyumba inahitaji umeme wa uhakika, chaja, betri zaidi ya mbili, na mtu mwingine anayejua kubadilisha plagi mikono isitetemeke.

Halafu dawa. Damu ikigusa chuma hupenda kuganda, na donge likikimbilia kwenye ubongo linaleta kiharusi. Basi mgonjwa humeza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, na kupimwa mara kwa mara ili isizidi wala isipungue. Ikipungua, donge. Ikizidi, damu ya pua isiyokoma, au kutokwa damu tumboni. Mtu anatembea katikati ya hatari hizo mbili miaka yote. Pampu mpya za leo zimepunguza tatizo. Ile iitwayo HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina gurudumu linaloelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa ukuta wowote, damu inapita pasipo kusuguliwa. Betri zake mbili zinaweza kwenda mpaka saa 17. Lakini waya wa tumboni bado upo, kuogelea bado ni marufuku, kucheza mpira wa kugongana ni marufuku, na kuoga kunahitaji mfuko maalumu wa kukinga vifaa na maji.

Na kupima afya? Daktari anamwekea stetoskopu kifuani akitarajia du-du, du-du. Anasikia mvumo usiokatika. Mashine ya kawaida ya kupima shinikizo la damu inachanganyikiwa, kwa sababu nayo hutafuta mapigo. Inabidi kutumia kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita mshipani. Kwa hiyo mtu wa namna hii akizirai barabarani, mpita njia mwenye nia njema anaweza kumshika mkono na kutangaza kuwa amekufa, kumbe yu hai na kinachohitajika ni betri. Ndiyo maana hubeba kadi au bangili yenye maelezo, na waokoaji hufundishwa kitu kimoja cha ajabu: wasikate nguo zake kwa mkasi bila kuangalia, wasije wakakata waya wa uhai.

Houghton, pamoja na hayo yote, hakukaa akijitazama. Alitembea maili 91, yaani karibu kilomita 146, kuchangisha fedha. Alipanda Alps za Uswisi. Aliandika vitabu. Alikwenda kuzungumza na wagonjwa wengine waliokuwa wakisitasita kuwekewa kifaa, na nadhani hapo ndipo alipofaa kuliko popote, maana yeye hakuwauzia ndoto. Alisema wazi kwamba zilikuwapo siku za giza. Alieleza kwamba hisia zake zilibadilika, kwamba kuwaonea wengine huruma, jambo ambalo kabla lilikuwa ndiyo kazi yake, lilimwia gumu kuliko zamani. Kama ni pampu, au ni uchovu wa mtu aliyekuwa amejiandaa kufa kisha akaambiwa aendelee, sijui nani angeweza kuamua. Hilo lisiwatishe, ila lisifichwe pia. Ukimwokoa mtu kifuani umemwokoa nusu. Nusu nyingine ni kukaa naye.

Mwezi Novemba 2007 Houghton alifariki, baada ya kutokwa na damu puani kulikofuatwa na figo kushindwa. Pampu yenyewe haikuwa imechakaa. Miaka saba na kitu, kwa mtu aliyekuwa amehesabiwa wiki.

Msije mkadhani ni bahati ya mmoja. Mwaka 2001 ulitangazwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 129 waliokuwa hoi na wasiofaa kupandikizwa moyo. Baadhi walipewa dawa pekee, wengine pampu, tena pampu za mtindo wa zamani wa kukamua. Baada ya mwaka mmoja, wenye dawa walikuwa wamebaki 25 kwa kila 100. Wenye pampu, 52. Pampu si uchawi: karibu nusu ya waliowekewa nao walikuwa wamefariki. Ila waliosalimika ni zaidi ya mara mbili ya wale wa dawa.

Nigeuke kidogo nimtaje mtu mmoja mashuhuri, kwa sababu kisa chake kinapendwa na vijana wa kompyuta. Dick Cheney, Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 2001 hadi 2009, alipata shambulio lake la kwanza la moyo akiwa na miaka 37. Mwaka 2001 aliwekewa kifaa cha kushtua moyo: kinakaa kifuani kikilinda, na moyo ukianza kutetemeka ovyo kinaupiga kwa umeme urudi kwenye mstari. Vifaa hivyo huweza kuzungumza na kompyuta ya daktari bila waya. Kilipobadilishwa mwaka 2007, daktari wake, Jonathan Reiner, aliagiza mawasiliano hayo yazimwe, kwa hofu kwamba adui angeweza kumshambulia kiongozi kwa kupitia moyo wake. Mwaka 2010 moyo ulichoka kabisa, akawekewa pampu ya kuzunguka, akaishi nayo miezi 20 hivi akivaa betri chini ya koti, mpaka Machi 2012 alipopata moyo wa kupandikizwa. Kwake pampu ilikuwa daraja. Kwa Houghton ilikuwa makazi.

Kwetu mkisikia fulani amewekewa betri ya moyo, kwa kawaida si pampu hii. Ni kile kifaa kidogo kinachokaa chini ya ngozi, karibu na bega, kikituma waya mwembamba moyoni kuupangia mwendo pale unapokwenda polepole mno. Kipo pia cha kushtua kama cha Cheney, na kipo cha kuvifanya vyumba viwili vya chini vipige kwa pamoja, ambacho huwasaidia baadhi ya wenye moyo ulioshindwa. Upasuaji wa kuweka betri hizo unafanyika Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mara nyingi mgonjwa huwa macho, amepigwa ganzi tu mahali hapo. Betri yake hudumu miaka, haichajiwi kila usiku, na mwenyewe anaweza kupika na kulima. Asiegemeze simu juu yake, aiweke mfuko wa upande mwingine, na asikose siku za kliniki. Mkiwa na babu mwenye uvimbe mdogo wa mraba kifuani, msiuguseguse kwa mchezo. Muulizeni kwa adabu aliwekewa lini. Wengi hupenda kusimulia.

Na kuna jambo moja mnaloweza kulifanya hata mkiwa darasa la tano. Mtu mzima wa nyumbani akianza kuongeza mito kitandani kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, akiamka usiku kutafuta hewa dirishani, viatu vikimbana kwa miguu kuvimba, akichoka kwa kupanda ngazi alizokuwa akizipanda kwa wimbo, msikubali aambiwe ni uzee. Mwambieni mama au baba siku hiyo hiyo, na mgonjwa apelekwe hospitali asikilizwe moyo. Wengi wanaowahi hutulizwa kwa vidonge, wala hawaihitaji pampu.